Mgongo wa Chupa: Uhakiki wa Lebo ya Ivermectin

Ingia duka lolote la dawa za mifugo Ifakara, liwe la Viwanja Sitini au la Kibaoni, uombe ivermectin. Utapewa chupa ndogo, ya mililita 50 au 100, yenye kizibo cha mpira cha kudungia sindano, imezungushiwa karatasi iliyojaa maandishi. Maandishi hayo hayana jina la mwandishi. Yana tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya kwisha muda, lakini tarehe ya kuandikwa hayana. Na kabla ya kufika kwenye rafu ile yamesomwa, yakahojiwa na kukatwakatwa na watu wakali kuliko mhariri yeyote wa jarida. Andiko la namna hiyo linastahili kuhakikiwa fani yake kama tunavyohakiki shairi au tamthiliya: nani anasema, anamwambia nani, kwa nini hiki kimetangulizwa na kile kikasukumwa nyuma.

Mtaani tunasema dawa "imepitishwa". Nadai kwamba kilichopitishwa ni sentensi. Mamlaka haikuulizwa kama ivermectin ni kitu chema. Iliulizwa kama inayakubali maneno haya: kwa ng'ombe, dhidi ya minyoo ya tumbo na ya mapafu, chawa na utitiri wa upele, mililita moja kwa kila kilo 50 za uzito, chini ya ngozi, nyama isiliwe mpaka zipite siku kadhaa. Mpe kuku badala ya ng'ombe, au choma kwenye mshipa badala ya chini ya ngozi, na idhini haipo tena, ingawa kimiminika kilichomo chupani ni kilekile. Mambo yote ninayoyaona kwenye lebo, mazuri na mabaya, yanatokana na hilo.

Kwa Tanzania Bara, mwenye kalamu nyekundu ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zamani kazi ilikuwa ya Bodi ya Famasi, chini ya sheria ya mwaka 1978. Mwaka 2003 ikaundwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, iliyobeba chakula, dawa na vipodozi kwa pamoja. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamia Shirika la Viwango, TBS, na mamlaka ikapata jina la sasa. Sheria ni Sura ya 219, nayo katika jambo la msingi haimbagui mgonjwa wa miguu miwili na wa miguu minne: dawa isiyosajiliwa haiuzwi, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Mwenye dawa hupeleka jalada. Kwa muundo unaotumika sehemu nyingi duniani, jalada la dawa ya mifugo lina sehemu nne: ya utawala, inayosema mwombaji ni nani na kiwanda kiko wapi, ya ubora, inayoeleza dawa imetengenezwaje na inadumu muda gani, ya usalama pamoja na masalia ya dawa mwilini, na ya ufanisi, inayojibu kama kweli inatibu. Wakaguzi huweza kufika kiwandani kwenyewe. Mambo yakienda sawa, makabrasha yale yote yanaishia kwenye karatasi isiyozidi upana wa kiganja. Kwa hiyo kila kauli fupi ya lebo ina mlima nyuma yake, na kazi ya mhakiki ni kuupanda kurudi nyuma.

Chukua kauli inayoonekana ya kawaida kuliko zote: ihifadhiwe chini ya nyuzi 30, mbali na mwanga. Ili iandikwe, chupa zilifungiwa kwenye makabati ya joto, nyingine kwa miezi 6 katika nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, nyingine kwa miaka katika joto la kawaida, zikatolewa kwa zamu na kupimwa kama kiini cha dawa bado kimo kwa kiasi kilichoahidiwa. Tarehe ya kwisha muda imezaliwa humo. Sasa isome kauli hiyo ukiwa Ifakara mwezi wa kumi na mbili, ndani ya duka la bati lisilo na dari, umeme umekatika tangu asubuhi. Kauli haijakosea. Imeandikwa tu kana kwamba mahali pa kuitekelezea pamekwisha kuandaliwa na mtu mwingine.

Twende upande wa mbele. Jina la biashara limechorwa kwa herufi nene, mara nyingi pamoja na picha ya fahali aliyenona ambaye hajawahi kuonja majani ya Bonde la Kilombero. Jina la kiini, ivermectin, liko chini yake kwa herufi nyembamba. Marekani kanuni inataka jina la kiini lisipungue nusu ya ukubwa wa jina la biashara, na ukiona kanuni ya namna hiyo ujue kuna waliokuwa wakiliminya. Hili si suala la urembo. Mfugaji aliyebadilisha chupa mara tatu kwa majina matatu ya biashara, akiamini amebadilisha dawa kwa sababu minyoo haiishi, huenda amekuwa akichoma kiini kilekile muda wote. Aliyempotosha ni mpangilio wa herufi, na mpangilio huo nao ulikuwa ndani ya jalada.

Sarufi ya mgongoni inavutia zaidi. Sikiliza mfululizo wa vitenzi: ichomwe chini ya ngozi, isichomwe kwenye mshipa, isitumike kwa ng'ombe wa maziwa, ihifadhiwe, iwekwe mbali na watoto. Takriri ya kauli ya kutendwa, na mtenda hayumo. Nani achome? Mwenye ng'ombe, bwana mifugo, kijana wa kuchunga aliyeajiriwa juzi, au muuza duka aliyeombwa aje na bomba lake la sindano? Lebo haisemi. Lakini ukirudi pale inapoelezwa kazi ya dawa, vitenzi vinasimama wima na mtenda anajitokeza: inaua, inadhibiti, inakinga. Dawa ndiye mhusika mkuu. Binadamu ni mhusika msaidizi asiye na jina. Lugha hii ina akili ya kisheria. Ng'ombe akipona, dawa imemponya. Akifa, kuna kitu hakikufanywa na mtu ambaye hakutajwa.

Kuna kauli moja fupi iliyowahi kupata umaarufu wake yenyewe: kwa matumizi ya mifugo tu. Mwaka 2021, wakati wa Uviko-19, mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kuwaonya hadharani watu waliokuwa wakinywa ivermectin ya farasi na ng'ombe. Wale hawakukosa kuisoma kauli hiyo. Waliisoma wakaikataa, na huo nao ni usomaji wa aina yake. Walichokosea ni kudhani kwamba kama molekuli ni moja basi maneno yake ni mamoja.

Molekuli kweli ni moja, na hapa kwetu kuna ushahidi wa karibu. Vuka Mto Kilombero, panda milima ya Mahenge wilayani Ulanga. Huko ugonjwa wa usubi umesumbua watu kwa vizazi, pamoja na kifafa kinachoandamana nao, ambacho daktari Louise Jilek-Aall alikifungulia kliniki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu miaka ya 1990 wakazi wa Mahenge wamekuwa wakimeza tembe za Mectizan, nazo ni ivermectin. Historia yake imepinda kwa namna ya kuchekesha kidogo: kijidudu kilichokuwa chimbuko lake kilipatikana katika udongo wa Kawana, Japani, Satoshi Ōmura alikitenga, William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck wakaona nguvu yake dhidi ya minyoo, na dawa ikaingia sokoni kwa mifugo mwaka 1981. Kwa watu ilifuata mwaka 1987, Merck ilipoahidi kuitoa bure kwa ajili ya usubi. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 2015. Ng'ombe, basi, ndiye aliyetangulia kupata idhini. Lakini ukilinganisha matini mbili, ya mtu na ya ng'ombe, aliyechelewa ndiye aliyeandikiwa vizuri.

Tofauti iko kwenye kipimo. Chupa ya ng'ombe inasema mililita moja kwa kilo 50. Hesabu ni rahisi: ng'ombe wa kilo 250, mililita 5. Ila kilo 250 zimetoka wapi? Mizani ya kumpimia ng'ombe haiko kwenye maboma ya Wasukuma na Wamang'ati walioenea bondeni. Watu hukadiria kwa jicho, na jicho la mwenye mali huelekea kuongeza siku ya kuuza na kupunguza siku ya kununua dawa. Ukikadiria chini, minyoo yenye nguvu inabaki na kuzaa wenzake wenye nguvu. Ukikadiria juu, siku za kusubiri kabla ya kuchinja, zilizoandikwa hapo chini, hazina maana tena, kwa kuwa zilihesabiwa kwa kipimo cha lebo.

Mahenge wangekwama hapohapo, kwa sababu kipimo cha Mectizan nacho kilithibitishwa kwa kilo. Wagawa dawa wa vijijini hawakupewa mizani, walipewa fimbo. Mtu anasimama kando ya fimbo iliyotiwa alama: sentimita 90 hadi 119 tembe moja, 120 hadi 140 tembe mbili, 141 hadi 158 tembe tatu, 159 na kuendelea tembe nne. Mtoto asiyefika alama ya kwanza hapewi. Huu ni ufundi wa fani wa hali ya juu. Kilo zimebaki ndani ya jalada kwa ajili ya wataalamu wanaozijua, na nje imeletwa lugha nyingine ambayo mgawaji aliyeishia darasa la saba anaisoma bila kigugumizi, na kosa lake likitokea ni dogo na linajulikana. Aliyeandika hivyo alimwona msomaji wake.

Ng'ombe naye ana fimbo yake: utepe unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, ambao husomwa moja kwa moja kwa kilo. Maafisa mifugo wanaufahamu. Lakini upekue mgongo wa chupa hautaukuta, wala hutakuta jedwali la mzunguko wa kifua na mililita. Hakuna ugunduzi mpya unaohitajika ili liwekwe, ila mtu mmoja kati ya wanaosoma rasimu ya lebo aulize: huyu anayeambiwa kilo 50, kilo atazipata wapi?

Sasa tufike pale ambapo dawa ya mifugo inaachana kabisa na ya binadamu. Sehemu ya tatu ya jalada ina jambo ambalo jalada la dawa ya mtu halina: mgonjwa huyu ataliwa. Kila kilichoingia mwilini mwake kitaomba njia ya kuingia kwa mwingine. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO, inayoitwa JECFA, huanza na kiasi ambacho hakikuleta madhara kwa wanyama wa maabara, kisha hukigawa, kwa kawaida kwa 100: mara 10 kwa sababu mtu si panya, mara 10 tena kwa sababu watu wenyewe hawalingani. Kutoka hapo Codex, tume ya viwango vya chakula ya mashirika hayo mawili, hupanga ukomo wa masalia katika nyama, ini, figo, mafuta na maziwa. Halafu huja kazi ya damu. Ng'ombe huchomwa dawa kwa kipimo cha lebo na kuchinjwa kwa mafungu, fungu moja mapema, jingine baadaye, jingine baadaye zaidi, na viungo vyao hupimwa. VICH, ushirikiano ulioanzishwa mwaka 1996 na Ulaya, Japani na Marekani ili kulinganisha masharti ya usajili, unataka ng'ombe wasiopungua 16, wanne wanne katika siku nne tofauti za kuchinja. Takwimu zinazofuata haziulizi ni lini ng'ombe wa wastani atakuwa salama. Zinauliza ni lini karibu ng'ombe wote watakuwa salama, na zinadai uhakika wa asilimia 95 juu ya hilo.

Jibu linaandikwa kama namba moja. Na namba hiyo haifanani duniani. Kwa ivermectin ya sindano ya asilimia moja, lebo asilia ya Marekani inadai siku 35 kwa ng'ombe na 18 kwa nguruwe. Uingereza ni 49 kwa ng'ombe. Zipo zinazouzwa Afrika Mashariki zinazosema 28. Ini la ng'ombe halikubadilika kwa kuvuka bahari. Kilichobadilika ni ukomo uliochaguliwa, kimiminika kilichoyeyushia dawa, na ukali wa hesabu. Namba inaonekana kama kauli ya maumbile, kumbe ni uamuzi wa kikao. Sisemi hivyo kuidharau. Vikao vya namna hii ndivyo vinavyotulinda. Nasema tu isomwe kama uamuzi, wenye wenyewe na wenye sababu, na anayeuona mgumu ajue unaweza kujadiliwa kwa ushahidi.

Kinachonikera ni mahali ilipowekwa. Siku za kusubiri ziko karibu na mwisho, baada ya madhara yanayoweza kutokea, kabla ya maelekezo ya kuhifadhi, kwa herufi zilezile ndogo za kila kitu. Mpangilio unafuata jalada: utambulisho, matumizi, kipimo, tahadhari, masalia, hifadhi. Kwa afisa wa usajili ni mpangilio wa kupendeza, kwa sababu anaweza kutia alama ya vema mstari kwa mstari. Kwa duka la Viwanja Sitini mpangilio huo hauna maana. Na hiyo ya siku za kusubiri ni kauli pekee ya lebo yote ambayo msomaji wake halisi hayupo. Dawa inamhusu ng'ombe, kipimo kinamhusu mchomaji, hifadhi inamhusu muuza duka. Siku za kusubiri zinamhusu mtu anayekunywa supu asubuhi kando ya soko, ambaye hajaiona chupa na hataiona. Fahali aliyechomwa Jumatatu anaweza kuuzwa mnadani wiki hiyohiyo na kupandishwa lori la Dar es Salaam. Sentensi inabaki kwenye chupa iliyotupwa bomani. Mifugo yetu sasa inavishwa hereni zenye namba, na mwaka 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ilizinduliwa Bariadi. Hereni inaeleza mnyama ni wa nani. Kama haiandikwi popote alichomwa nini na lini, siku 28 zitaendelea kuhesabiwa na mtu mmoja, kichwani, na huyo ndiye mwenye haraka ya kuuza.

Katazo la maziwa ni fupi zaidi na limeandikwa vizuri zaidi: isitumike kwa ng'ombe anayekamuliwa kwa matumizi ya watu. Halina hesabu, halina sharti. Ivermectin hupenda mafuta na maziwa ni njia yake ya kutokea. Lebo za Uingereza zinakataza hata mtamba wa maziwa aliyebakiza siku 60 kuzaa. Kwa bonde ambalo ng'ombe mmoja ndiye wa nyama, wa maziwa, wa jembe na wa mahari, katazo hilo linamdhania mfugaji mwenye makundi mawili yaliyotenganishwa kwa uzio. Hata hivyo nalisifu. Uwazi wake unaonyesha kwamba mwandishi wa lebo anajua kuandika akitaka.

Mstari wa mwisho kabisa, ule unaofichwa na gundi karatasi inapoungana, unasema dawa ni hatari kwa samaki na viumbe vya majini, chupa isitupwe kwenye maji. Hapa si mahali pa kuupuuza mstari huo. Uwanda wa mafuriko wa Kilombero uliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002. Mji huu unakula samaki wa mto huu. Lakini usome tena utagundua umeandikwa nusu. Sehemu kubwa ya ivermectin humtoka ng'ombe kwa njia ya kinyesi, ikiwa bado na nguvu ya kuua mbawakavu wa mavi na funza wanaokichakata. Kiangazi ng'ombe hushuka mbugani, masika maji hupanda palepale walipokuwa. Lebo inamtaja mtu anayetupa chupa. Ng'ombe anayekunya haimtaji.

Wahakiki wa fasihi wana istilahi ya mwingilianomatini, matini moja kuishi ndani ya nyingine. Sijui mfano bora kuliko dawa hizi. Hataza ya Merck ilipoisha miaka ya 1990, viwanda vya China, India, Uholanzi na kwingineko vikaanza kutengeneza ivermectin. Mtengenezaji wa dawa iliyokwisha kujulikana harudii majaribio yote. Kazi yake kubwa ni kuonyesha kwamba yake inalingana na ya kwanza, na akishaonyesha, anarithi sentensi ya ya kwanza. Ndiyo maana chupa tano za viwanda vitano zinasomeka kama zimetungwa na mtu mmoja. Kwa bei, huu ni uzuri mtupu: bila urithi huo mfugaji mdogo asingeimudu. Kwa maneno, urithi huo umetuletea malisho ya Ulaya yenye mizani na uzio, yakanakiliwa mpaka Ifakara bila mtu kugusa nukta. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa shirika la GALVmed, imejenga utaratibu wa nchi wanachama kutambua usajili wa chanjo za mifugo kwa pamoja. Ikifika siku kulisoma jalada moja kwa macho ya nchi nyingi likawa jambo la kawaida hata kwa dawa, natumaini kati ya macho hayo yatakuwepo yaliyowahi kuona boma.

Nimeacha mwisho kile ambacho lebo haisemi kabisa. Kining'ina, nje kidogo ya mji, Taasisi ya Afya Ifakara ina vibanda vikubwa vya nyavu ambamo mbu hufugwa na kuchunguzwa katika mazingira yanayokaribia ya kijiji. Mwaka 2017 Issa Lyimo na wenzake walichapisha katika jarida la Malaria matokeo ya kazi iliyofanywa katika mazingira ya aina hiyo hapa kusini-mashariki mwa Tanzania: mbu aina ya Anopheles arabiensis waliomnyonya ng'ombe aliyechomwa ivermectin walishindwa kusaga damu vizuri, wakataga mayai machache, wakafa mapema. Mbu huyu hunyonya ng'ombe na watu, na chandarua hakimpati vizuri kwa sababu huridhika na zizi. Kwa hiyo ndani ya chupa ileile, kwa kimiminika kilekile, kuna uwezo mwingine ambao lebo haiutaji.

Haiutaji kwa sababu haiwezi. Tazama muundo wa sentensi iliyosajiliwa: mnyama anaugua, dawa inaingia, mnyama anapona. Anayechomwa ndiye anayefaidika. Sentensi ya mbu ina muundo mwingine: ng'ombe mzima anachomwa, mbu anakufa, mtoto wa jirani haugui malaria. Mnufaika yuko nje ya zizi, na sehemu ya ufanisi ya jalada la mifugo haikujengwa kumpokea. Kisha kipimo cha kuua mbu kwa wiki nyingi huenda kikataka kurudiwa au kuongezwa, na ukikigusa tu, siku za kusubiri, katazo la maziwa na mstari wa samaki vyote vinaanguka na kudai majaribio mapya. Nani atayalipia, ilhali hataza imeisha na jirani yake kiwandani atairithi sentensi hiyo bure? Taasisi ya utafiti huandika makala. Jalada huandikwa na kampuni. Tuwe wakweli pia kwamba bondeni humu sehemu kubwa ya malaria siku hizi huenezwa na Anopheles funestus, ambaye humpenda mtu kuliko ng'ombe, kwa hiyo sentensi ya mbu hata ikisajiliwa haitakuwa ya muujiza. Upande wa watu mambo yamesogea kidogo: Kwale, pwani ya Kenya, jaribio la BOHEMIA liliwapa watu ivermectin mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha maambukizi ya malaria kupungua kwa asilimia 26 kwa watoto. Hiyo nayo ni sentensi mpya, na imeanza safari yake ya majalada.

Wapo watakaosema lebo ni lebo, haikuandikwa ili ihakikiwe. Nakubali haikuandikwa kwa ajili yangu. Lakini iliandikwa ili isomwe, na hukumu yangu ni kwamba imemsoma afisa wa usajili kuliko ilivyomsoma mfugaji. Sheria inaruhusu Kiswahili au Kiingereza, na mwombaji huchagua kinachomgharimu kidogo. Kama maudhui, lebo ya ivermectin ni andiko la kuheshimika: hakuna kauli yake niliyoikuta bila ushahidi nyuma yake. Kama fani, inashindwa katika mambo matatu yanayorekebishika bila kugusa dawa hata tone. Siku za kusubiri zihamie mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi zisizopungua za jina la biashara. Pawe na jedwali la utepe wa kifua kando ya kilo. Na paachwe nafasi tupu ya kuandika kwa kalamu: amechomwa tarehe fulani, asichinjwe kabla ya tarehe fulani.

Usajili wa dawa TMDA hudumu miaka 5. Baada ya hapo mwombaji hurudi kuuhuisha, na lebo yake hurudi mezani pamoja naye. Basi ombi langu ni kwa wanaokaa kwenye meza ile: safari ijayo, kabla ya kutia alama ya vema, mpeni rasimu hiyo mchunga ng'ombe mmoja wa Kilombero aisome kwa sauti, kisha mumuulize fahali wake atachinjwa lini.